Kwa Mwanaidi, Aendaye Kuwafundisha Wapishi

Mwanangu Mwanaidi,

Salamu tumeshapeana mezani, na hali yangu unaiona kwa macho yako, kwa hiyo niziruke hizo niingie kwenye lililonikalisha hapa. Wewe na mama yako mko uani mnafunga mizigo. Nawasikia mnabishana juu ya blanketi. Yeye anasema Arusha kuna baridi ya kuua mtu, wewe unasema hoteli haikosi mablanketi. Lichukue tu, yaishe. Mengine ya safari, chakula cha njiani, namna ya kukaa na watu wa nyumba uliyopangiwa, amekwisha kukuambia mara mbili mbili, na mimi sina la kuongeza.

Nataka kukuandikia yale ambayo mdomo wangu haujapata kuyasema. Unanijua. Nikimpenda mtu namwongezea nyama kwenye sahani, basi, nimemaliza. Lakini kesho basi litakapoondoka sitakuwa na sahani mkononi, na najua nitasimama pale dirishani nikikuuliza kama kamba ya sanduku imekaza. Kwa hiyo bora karatasi.

Nianze na bibi yako, Mungu amrehemu, maana yeye ndiye aliyeujua mwili wako kabla yetu sote. Ulikuwa ndiyo kwanza unaanza kutembea. Tulipanda Kinole kumsalimia, naye alikuwa ametwanga karanga za kuungia kisamvu. Ukapita karibu na kinu, ukachovya kidole, ukalamba. Kisamvu hakijachemka, midomo imekuvimba, macho yamebaki mistari miwili, mwili mzima mabaka. Mama yako alipiga kelele. Mimi nikasema umeumwa na mdudu, nikaanza kupekua nguo zako. Bibi yako hakupekua kitu. Alikusafisha mikono na mdomo, akakuweka kifuani kwake umeinuka, akawa anasikiliza unavyopumua mpaka uvimbe ulipoanza kushuka. Kisha akasema, kama mtu anayetaja jina la mtoto:

"Karanga ni mzio wa huyu. Asipewe."

Mimi mtu wa Ujiji, mpishi wa kantini ya kiwanda, nilicheka moyoni. Neno mzio nililijua kama mambo ya koo za wakwe zangu, ukoo huu hauli mnyama huyu, ukoo ule haumgusi ndege yule. Nikadhani mama mkwe amekupachika mwiko mwingine wa ukoo. Lakini niliona jambo moja ambalo sikulielewa kwa miaka mingi. Tangu siku ile mlima mzima ulijua. Tukiingia kwa jirani, mwenye nyumba anauliza, "Huyu ndiye yule wa karanga?" na chungu kinasogezwa pembeni. Hakuna aliyesema unadeka. Hakuna aliyetaka kukujaribu aone kama ni kweli. Na ulipokuwa mkubwa, daktari wa hapa mjini alipotueleza kwamba mwili wako unakiona chakula kile kama adui na kupigana nacho, mama yako alimuuliza hali hiyo inaitwaje kwa Kiswahili. Akasema, "Ni mzio, mama." Mama yako aligeuka akanitazama, nami nikatazama dirishani.

Sasa nikueleze kwa nini mimi huwa mgumu kufundishwa, jambo ambalo hujawahi kuniuliza ingawa limekusumbua.

Nilikuja Morogoro kufanya kazi kiwanda cha nguo, wakaniweka jikoni kwa sababu sikujua kusoma. Jikoni nikapata heshima. Wafanyakazi wa zamu zote walikula kwa mkono wangu, na hakuna aliyeniuliza kama najua herufi. Likaanzishwa darasa la ngumbaru pale pale kantini, baada ya kazi. Nilienda kwa furaha. Mwalimu alikuwa kijana mdogo, mwepesi wa maneno. Siku moja alilichukua daftari langu akaliinua juu darasa zima lione, akasema, "Tazameni, mpishi wetu ameandika 'ugali' kwa mwiko." Watu wakaangua kicheko. Mimi pia nilicheka, maana ungefanyaje? Lakini sikurudi tena darasani mpaka msimu mwingine, alipokuja mwalimu mwingine. Na hata niliporudi nilikuwa naziba daftari kwa mkono. Mpaka leo ukiniona naandika nimeinamia karatasi kama mtu anayelinda chakula chake, ujue ni kwa sababu hiyo.

Basi mtu huyo ndiye baba yako. Mitumba ilipojaa sokoni na vitenge vya nje vikashuka bei, kiwanda kikafa taratibu, mpaka geti likafungwa. Zilikuwa siku za ruksa, kila mtu anafungua chake. Tukafungua na sisi hoteli yetu hapa barabara ya Dodoma, mabanzi ya mbao na mabati, benchi za kukaa wateja. Wenye malori wakatupenda kwa kitu kimoja, kisamvu changu cha karanga. Karanga nzuri za Gairo, nimezikaanga mwenyewe, nimezitwanga mwenyewe. Fikiria kejeli hiyo. Nyumba yenye mtoto asiyeweza kulamba karanga ikaishi kwa karanga.

Nilikukataza kuingia jikoni. Nilikuambia wewe kazi yako ni shule. Ukiwa kidato cha pili ukaja ukasimama mlangoni, ukasema, "Baba, nataka kupika. Lakini siyo katika jiko lililokaa hivi." Ukanionyesha. Kinu cha karanga kiende nyuma ya nyumba. Karanga ziwe na sufuria yake na mwiko wake, visiguse kingine. Anayetwanga anawe kabla ya kushika kitu. Nilifanya yote uliyosema, nikaona nimekuwa baba mwema kweli kweli. Kosa langu ni kwamba niliyafanya kwa ajili yako tu. Sikufikiri hata siku moja kwamba miongoni mwa wale wanaoshuka kwenye malori na mabasi wamo wengine wenye miili kama wako. Nilidhani Mungu ameumba mmoja tu, akanipa mimi.

Ndipo ikaja siku ya Mashaka.

Wewe ulikuwepo, lakini hukuwepo ndani ya kichwa changu, kwa hiyo acha nikusimulie.

Mashaka, dereva aliyetuletea karanga kutoka Gairo, alikuwa mteja wetu tangu hoteli haina hata kuta. Siku zote ugali kwa maharage, au ugali kwa nyama. Samaki hakumgusa, na sisi tulikuwa tukimtania. Mimi ndiye niliyeongoza utani. Nimekulia ziwani, nimelelewa kwa migebuka na dagaa, samaki kwangu ni kama maziwa ya mama. Nilikuwa namwambia, "Mashaka, mtoto wa nchi kavu, ungezaliwa kwetu ungekufa njaa." Naye hucheka, anasema, "Mzee Athumani, mimi na samaki hatuelewani." Nikadhani ni maneno ya mtu asiyependa kuchambua miiba.

Siku hiyo akasema, "Leo nipe chipsi. Vijana wanazisifia." Chipsi zilikuwa bado ngeni ngeni, na mimi nilikuwa nazionea fahari. Karai lilikuwa moja. Asubuhi nilikuwa nimekaanga ndani yake samaki, perege wa bwawa la Mindu, mchana nikakaanga viazi. Mafuta hayamwagwi, nani asiyejua? Nilizitoa zimekolea rangi ya dhahabu, Chande, mhudumu wetu, akampelekea, nami nikarudi kwenye jiko langu.

Kwanza nilimsikia akikohoa. Kisha nikamsikia Chande akicheka, "Pilipili hiyo, kaka, kunywa maji." Kisha benchi likaanguka. Nilipotoka, Mashaka alikuwa amesimama ameshika meza kwa mikono miwili, midomo imevimba, shingo imejaa mabaka, kifua kinakoroma kama cha mtoto mwenye pumu. Na mtu mmoja kule nje akapaza sauti:

"Wamemlisha sumu!"

"Sumu gani?" nikafoka. Nilikuwa bado na upawa mkononi. "Nimempa chipsi! Chipsi na chumvi!"

Wewe ukapita chini ya mkono wangu kama sipo. Ukamshika Mashaka bega, ukamtazama usoni.

"Kaka Mashaka, koo linabana?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Umewahi kupatwa hivi?"

Akajitahidi, sauti ikatoka kama ya mtu aliye ndani ya pipa. "Samaki."

"Sikumpa samaki!" nikapiga kelele. "Waulizeni wote! Hakuna samaki kwenye sahani yake!"

Ukageuka kwangu. Hukupandisha sauti. Nakumbuka ulivyoniuliza taratibu, kama unauliza chumvi iko wapi.

"Baba, mafuta ya chipsi yamekaangia nini leo asubuhi?"

Mwanangu, jibu nililijua kabla hujamaliza swali. Lakini kulitoa mdomoni ilikuwa kazi kuliko kubeba gunia. Watu wote wananitazama. Nikasema, "Perege."

"Basi ni hayo," ukasema. "Hospitali, sasa hivi. Msimlaze chali, mwacheni akae."

Kulikuwa na mzee mmoja ameshusha kabichi za Mgeta kwa pikapu yake. Mkapanda, wewe nyuma pamoja naye umemwegemeza kifuani kwako, majani ya kabichi yakiruka njia nzima. Nami nikabaki na umati.

Hapa ndipo pa kukueleza usilolijua lote. Ulipoondoka, Chande alinijia akanong'ona, "Mzee, tuyamwage haya mafuta mtaroni. Tutasema amekula kitu njiani huko." Nisimlaumu Chande, alikuwa anaogopa kama mimi. Nililishika karai kwa masikio yake. Nililiinua. Mama yako akasimama mbele yangu.

"Baba Mwanaidi, liweke chini."

"Watatuvunjia hoteli, Zaina."

"Wewe mwaga. Mwanao hivi sasa anamwambia daktari ukweli. Akirudi, nani ataonekana mwongo?"

Nikaliweka chini. Lakini nakuambia, mikono yangu ilikuwa tayari. Nimekuwa nikikumbuka kila nikiwasikia watu wakiwasema wapishi kuwa hawana roho. Wana roho. Ila wakati ule roho yote inakuwa imehamia kwenye kuogopa.

Ulirudi jua limeshaanza kulegea, kwa miguu, kanga imelowa jasho. Watu walikuwa hawajaondoka, tena wameongezeka. Nilitamani uingie kwa mlango wa nyuma. Wewe ukasimama palepale mbele, ukasema:

"Mashaka anapumua. Amechomwa sindano, uvimbe unashuka. Hakulishwa sumu. Amekula chipsi zilizokaangwa katika mafuta yaliyokaangia samaki, na samaki ni mzio wake. Kosa ni letu. Hatukujua kwamba mafuta yanaubeba. Sasa tunajua."

Mtu mmoja akauliza, "Nani aliyezikaanga?"

Ukamjibu, "Jiko letu."

Hukusema baba. Nilikuwa nimesimama nyuma yako na upawa wangu, kila mtu anajua nani mpishi wa hoteli ile, na wewe ukasema jiko letu. Watu wakaguna, wakatazamana, wakaanza kutawanyika mmoja mmoja. Sijui kama ulimwona yule mzee wa pikapu, alikuwa amerudi kabla yako, akaja akanipa mkono. Mimi nilikwenda nyuma kwenye kinu cha karanga, nikakaa. Mama yako alidhani ninalia kwa aibu. Aibu ilikuwepo, siikatai. Lakini kilichonitoa machozi ni kingine. Nilikuwa najiuliza, mtoto huyu tumemzaa lini?

Wateja walipungua, unakumbuka. Madereva walipita wanatupigia honi tu. Ndipo ukaomba tufunge mchana mmoja ukae na sisi sote, mimi, mama yako, Chande na Mama Pili wa chapati. Nilikuja kwa sababu ya mama yako. Nilikaa benchi la mwisho, nikakunja mikono. Moyoni nilikuwa nasubiri daftari langu liinuliwe juu.

Hukuliinua. Hukuanza na Mashaka, wala karai. Ulianza na wewe mwenyewe, mtoto aliyechovya kidole kwenye kinu Kinole. Kisha ukachukua ubao wa kukatia, ukakata kitunguu, ukafuta ubao na kisu kwa kitambaa, vikang'aa. Ukakata papai juu yake, ukatugawia.

"Onjeni."

Mama Pili akakunja uso. "Linanuka kitunguu."

"Mnakiona kitunguu?"

Hatukukiona. Nilikuwa nimekishika kipande kile cha papai, kitamu, chekundu, safi, na ladha ya kitunguu imejaa mdomoni. Nikakumbuka chipsi zangu zilivyokuwa na rangi ya dhahabu. Hukunitazama hata kidogo, na kwa kutonitazama huko nikaelewa kwamba umenihurumia. Mikono ikajikunjua yenyewe. Nikauliza, na hilo lilikuwa swali langu la kwanza darasani tangu ngumbaru:

"Na mwiko, ukifutwa vizuri?"

"Kufuta siyo kuosha, baba. Maji ya moto na sabuni. Na ukiweza, kila kimoja na chake."

Chande alibisha, unajua alivyo. Ulipotufundisha kwamba mteja akiuliza kilichomo katika chakula na mhudumu hajui, aseme sijui, ngoja nikaulize jikoni, yeye akasema, "Mteja ataniona mjinga."

Ukamwambia, "Bora akuone mjinga akiwa mzima."

Tulicheka sote, Chande wa kwanza. Na kile kicheko hakikumfukuza mtu darasani. Baadaye bakuli la kunawia, lile watu kumi walilokuwa wanachovya mikono maji yakawa kama chai, ukaliondoa, ukaweka ndoo yenye koki. Mimi nililipigania bakuli lile, nikasema ni ukarimu. Mwaka uliofuata kipindupindu kilipoingia mjini, sikulitaja tena. Karai la pili nililinunua mwenyewe bila kuambiwa.

Mashaka alirudi. Hilo ndilo nililokuwa naliogopa kuliko yote. Nililisikia lori lake, nikajifanya natafuta kitu chini ya meza. Akanikuta hapo hapo chini.

"Shikamoo, Mzee Athumani."

"Marahaba, Mashaka." Nikainuka. "Nilikutania miaka yote. Niliona ni mzaha. Nisamehe."

Akavua kofia, akawa anaizungusha. "Hata mimi niliona haya kusema zaidi, mzee. Dereva mzima, mwenye ndevu, aogope samaki? Nilikuwa nasema hatuelewani, watu wacheke, yaishe."

Ukamwingiza jikoni. Ukamwonyesha karai la samaki kule, karai la viazi huku, na mafuta ya kila moja. Alitazama kwa makini kama anakagua matairi. Kisha akasema, "Haya, nipe chipsi." Nilizikaanga mwenyewe. Nilimpelekea mwenyewe. Nikashindwa kukaa, nikasimama karibu na meza na kitambaa begani, nikihesabu pumzi zake. Alikula mpaka sahani ikabaki tupu. Akainua uso.

"Chumvi kidogo tu imepungua, mzee."

Sijawahi kusikia sifa nzuri kuliko hiyo.

Yaliyofuata unayajua. Mashaka aliwasimulia madereva wenzake njia nzima mpaka Gairo, na hoteli ikajaa kuliko mwanzo. Wenye vibanda jirani wakaanza kuwaleta wahudumu wao, "Mwanaidi, mwonyeshe na huyu ile ya papai." Bwana afya alikuja akasikiliza, akakuomba ukaongee na mamantilie wa sokoni. Ukaenda kusoma mambo ya hoteli Dar es Salaam, ukarudi na cheti, na mama yako akakitundika juu ya kaunta, watu wanakisoma wakisubiri chai. Na sasa tajiri wa hoteli mpya ya watalii huko Arusha anataka uwafundishe wapishi na wahudumu wake kabla hawajafungua milango, kwa kuwa bwana afya alimwambia hajaona mtu anayefundisha jambo hili watu wakalielewa kama wewe.

Kwa hiyo sikuusii namna ya kufundisha. Nakuambia tu utakachokikuta, kwa maana mimi nimekuwa hicho kitu. Utakuta mle ndani mpishi mwenye kofia ndefu, aliyeanza kupika wewe hujazaliwa. Atakaa nyuma. Atakunja mikono. Atasema mambo ya mizio ni ya Wazungu, kwetu mtu hula anachopewa. Usigombane naye, na usimwogope. Mwambie tu bibi yako wa Kinole hakuwahi kumwona Mzungu mezani kwake. Na ujue kwamba yule mtu haogopi moto wala kisu wala bosi. Anaogopa kuambiwa kwamba chakula chake, kitu pekee anachokijua duniani, kimemdhuru mtu. Ukimwaibisha, atacheka na wenzake, halafu ataificha sufuria. Na sufuria iliyofichwa ndiyo inayoua.

Siku mtu atakapokuja kwako akasema, "Dada, nimekosea, nimechanganya miiko," hata kama chakula cha karamu nzima itabidi kimwagwe, mshukuru mbele ya watu. Wakimwona ameshukuriwa, wa pili naye atasema. Mimi laiti ningalikuwa mwepesi wa kusema neno lile "perege". Lilinichukua muda, na kila nikikumbuka namwona Mashaka anavyovuta pumzi akinisubiri.

Na jambo moja ni lako peke yako. Waambie kuhusu karanga siku ya kwanza. Najua utataka waone mwalimu, wasione mgonjwa. Hata Mashaka alitaka waone dereva. Waambie. Mimi huku sitakuwepo kuulinda mwiko, na hilo ndilo limeninyima hamu ya kula leo jioni, siyo homa kama nilivyomdanganya mama yako. Nimemzoea mtoto ambaye jiko lake nalijua kila pembe. Kukupeleka katika jiko nisilolijua ni kazi nzito. Lakini naona pia kwamba ulilinda jiko letu kabla sisi hatujajua kulilinda, kwa hiyo nani amlinde nani?

Mama yako ana huzuni, mvumilie. Mimi, nisikufiche, najisikia kimo kimeongezeka. Leo nilipokwenda sokoni kununua vitunguu, watu watatu walinisimamisha njiani kuniuliza kama ni kweli unaondoka, na mmoja, yule muuza nazi, akauliza, "Kwani binti yako anakwenda kuolewa huko?" Nikasema hapana, anakwenda kazini. Nilisema haraka kwa sababu mvua ilikuwa inaanza kushuka kutoka milimani, na nilipofika nyumbani nikajuta. Nilipaswa kusimama nimjibu vizuri.

Keshokutwa nitapita tena kwa makusudi. Nikiulizwa, nitaweka kikapu changu chini. Nitasema binti yangu Mwanaidi amekwenda Arusha kuwafundisha wapishi. Siyo watoto, wapishi, wanaume wenye mvi kama mimi. Na kama yupo atakayecheka akauliza tangu lini msichana akamfundisha mzee kupika, nitamwambia asogee karibu anitazame, maana mwanafunzi wake wa kwanza ni mimi.

Baba yako,
Athumani, mpishi.